Mtambo wa Vijana Wanne wa Phoenix



Katika maelezo yetu ya leo tutazungumzia mtambo mmoja mdogo. Mtambo huo ulitengenezwa mwaka 2004 na wanafunzi wanne wa shule ya sekondari huko Marekani. Uligharimu kiasi cha dola 800 tu, na ulipoingizwa majini katika mashindano, uliushinda mtambo wa chuo kikuu cha ufundi chenye sifa kubwa kupita karibu vyote duniani. Huenda afande mmoja akauliza: sisi na mtambo wa watoto wa shule, wapi na wapi? Jibu letu ni kwamba askari huishi kwa vyombo. Bunduki yake, redio yake ya upepo, gari lake, mashua yake, hata taa yake ya mkononi, vyote hivyo ni sehemu ya uhai wake. Katika kisa hiki limo fundisho juu ya namna chombo kinavyobuniwa, kinavyofahamika kwa mwenye nacho, na kinavyotengenezwa usiku wa manane kinapoharibika. Tena limo fundisho la pili, zito kuliko la kwanza, juu ya kijana mmoja kati ya hao wanne aliyetamani kuvaa sare ya jeshi, akafungiwa mlango.

Kwanza tuelewane juu ya neno roboti. Roboti ni mtambo unaofanya kazi ya mkono wa binadamu, ama kwa kuongozwa na mtu aliye mbali, ama kwa kufuata maagizo uliyowekewa ndani yake. Askari wanaijua faida yake. Mwaka 1972, katika siku zile ambapo mabomu yalikuwa yakitegwa ndani ya magari huko Ireland ya Kaskazini, Luteni Kanali Peter Miller wa Jeshi la Uingereza alipata wazo la kutumia toroli la bustani lenye kuendeshwa kwa umeme, ili gari linaloshukiwa lifikiwe bila ya kumpeleka mtu. Kutokana na wazo hilo ulizaliwa mtambo ulioitwa Wheelbarrow, yaani toroli, nao ndio ulioifungulia njia mitambo mingi ya kutegua mabomu inayotumiwa na majeshi na polisi hivi leo. Tazameni basi: chombo kilichookoa maisha ya askari wengi kilianzia kwenye toroli la bustani. Wahenga walisema, mbuyu nao ulianza kama mchicha.

Sasa tuteremke chini ya maji, maana huko ndiko kisa chetu kilikotokea. Mpiga mbizi hawezi kukaa muda mrefu kilindini. Baridi, giza, uzito wa maji na uhaba wa pumzi humrudisha juu. Wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria hawajasahau kuzama kwa meli MV Bukoba karibu na Mwanza mwezi wa Mei mwaka 1996, na askari wa majini wanajua uchungu wa kutafuta katika maji yasiyoonyesha kitu. Kwa sababu hiyo wataalamu hutengeneza roboti za kuzamia, zinazoongozwa kutoka juu kwa waya, zenye kamera badala ya macho na vyuma badala ya vidole. Hizo hukagua mabomba ya mafuta baharini, huchunguza meli zilizozama, na hufika mahali ambapo mtu akifika hatarudi.

Ili kuwavuta vijana kwenye kazi hiyo, kituo cha elimu ya ufundi wa baharini kiitwacho MATE, kutoka Monterey katika jimbo la California, kilianzisha mashindano ya roboti za kuzamia. Mashindano ya mwaka 2004 yalifanyika mwezi wa Juni katika Chuo Kikuu cha California mjini Santa Barbara, yakisaidiwa na Shirika la Safari za Anga la Marekani, yaani NASA, pamoja na Ofisi ya Utafiti ya Jeshi la Majini la nchi hiyo. Chini ya bwawa iliwekwa sanamu ya nyambizi iliyozama. Kila timu ilitakiwa kupeleka mtambo wake chini, kuipima nyambizi urefu, kupima kina cha maji, kuokota vitu kama kengele ya nahodha, kuchota umajimaji uliokuwa ndani ya pipa, na kadhalika. Waongozaji hawakuruhusiwa kuingia majini. Macho yao yalikuwa kwenye picha zinazoletwa na kamera, na mikono yao kwenye vijiti vya kuongozea.

Kulikuwa na madaraja mawili ya washindani: daraja la chini kwa shule za sekondari, na daraja la juu ambalo lilikuwa uwanja wa vyuo vikuu. Katika daraja hilo la juu ilikuwepo timu ya Massachusetts Institute of Technology, chuo kinachojulikana ulimwenguni kote kwa jina la MIT. Timu hiyo ilikuwa na wanafunzi 12, wakiwemo wanaosomea uhandisi wa baharini na wanaosomea kompyuta, na fedha zake zilizidi dola 10,000, sehemu yake ikiwa imetolewa na kampuni kubwa ya mafuta.

Na katika daraja hilo hilo wakaingia vijana wanne wa shule ya sekondari ya Carl Hayden, mjini Phoenix, jimbo la Arizona. Phoenix ni mji wa jangwani. Hakuna bahari, na mvua yenyewe ni ya kuhesabu. Vijana hao walikuwa Oscar Vazquez, Cristian Arcega, Lorenzo Santillan na Luis Aranda. Wote walizaliwa Mexico na kuletwa Marekani na wazazi wao walipokuwa wadogo, na hawakuwa na vibali vya kuishi katika nchi hiyo. Walimu wao, Fredi Lajvardi na Allan Cameron, ndio walioamua kuwaingiza katika daraja la juu. Hesabu yao ilikuwa rahisi: vijana hawa ni wageni katika mchezo, na yaelekea watashindwa, basi afadhali washindwe na MIT, hapo hapana aibu, kuliko kushindwa na shule nyingine ya sekondari. Vijana wenyewe walitumaini tu wasiwe wa mwisho.

Ndugu wasikilizaji, sasa tuutazame mtambo wenyewe, kiungo kwa kiungo, kama askari anavyofungua bunduki yake mezani.

Mwili wake ulikuwa wa mabomba meupe ya plastiki, yale yale ambayo fundi bomba hutumia kupitishia maji nyumbani. Yalikatwa, yakaunganishwa kwa viungo vya kona, yakabandikwa kwa gundi. Gundi hiyo ilikuwa na harufu kali mno, hata mtambo ukapewa jina la Stinky, maana yake Chenye Kunuka. Baadaye walipaka mabomba hayo rangi nyekundu, buluu na njano. Aliyeutazama kwa mara ya kwanza angeweza kudhani ni mchezo wa watoto. Lakini bomba la plastiki lina sifa tatu ambazo hazionekani kwa jicho la haraka. Ni rahisi kwa bei. Likivunjika, kipande kingine kinapatikana katika duka lolote la vifaa. Na ndani yake mna hewa.

Hewa hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya kwanza. Chombo cha kuzamia kikiwa chepesi mno huelea na kukataa kushuka. Kikiwa kizito mno huzama kama jiwe na mota zake huchoka kwa kukiinua. Kinachotakiwa ni chombo kinachoning'inia majini, hakipandi wala hakishuki mpaka kiamriwe. Vijana hawa walitambua kwamba hewa iliyofungwa ndani ya mabomba ingeuinua mtambo juu, na kwa hiyo walikuwa na nafasi ya kubebesha kitu kizito ili kusawazisha. Wengine wangefunga vipande vya risasi visivyo na kazi nyingine. Wao waliamua kwamba uzito huo uwe betri.

Hapo tunafika kwenye uamuzi wa kijasiri kuliko yote. Kwa kawaida betri huachwa nchi kavu, na umeme hushushwa kwa waya. Ni njia ya salama, kwa kuwa maji na umeme ni maadui. Lakini njia hiyo ina gharama yake. Umeme unaposafiri katika waya mrefu hupungua nguvu njiani, na ili usipungue sana lazima waya uwe mnene. Waya mnene ni mzigo. Mtambo unapokwenda mbele, waya unauvuta nyuma, kama mbuzi aliyefungwa kwenye mambo. Vijana wa Phoenix walitia betri pamoja na vyombo vya kuongozea ndani ya kisanduku kisichopenya maji, wakakifunga kwenye mtambo wenyewe. Waya uliobaki ulikuwa mwembamba, wa kupeleka amri na kurudisha picha, na mtambo ukaweza kugeuka kwa wepesi. Hatari ilikuwa moja, nayo ilijulikana kwa wote: kisanduku kikivuja, kila kitu kimekwisha.

Kwa mwendo walitumia mota ndogo za umeme zenye pangaboi, zile ambazo wavuvi wa starehe huko Marekani hufunga kwenye mashua ili wasogee polepole bila ya kuwashtua samaki. Hazikubuniwa kwa ajili ya roboti, lakini zilikwisha kuzoea maji, na ziliuzwa madukani.

Kwa kupima urefu wa nyambizi walichukua kipimo cha nuru ya leza, kama kile ambacho wajenzi hutumia kupimia ukuta hadi ukuta bila ya kuvuta futi kamba. Hapa palikuwa na mtego ambao ungemwangusha mtu asiyesoma. Kipimo cha namna hiyo kimetengenezwa kwa ajili ya hewani. Majini nuru huenda polepole zaidi, na kwa hiyo kipimo hudanganyika, kikadhani mwendo ulikuwa mrefu. Kitu kilicho umbali wa mita 3 chini ya maji kitaonekana kwenye kipimo kama kiko karibu mita 4. Vijana hao walilijua jambo hilo, wakasahihisha hesabu kwa mkono. Kipimo chao kilisema uongo, lakini walijua kinasema uongo kiasi gani, na kipimo cha namna hiyo kinafaa sawa na kile kinachosema kweli.

Na kwa kuchota umajimaji kutoka katika pipa, walitumia pampu ndogo, bomba jembamba, na puto. Naam, ndugu wasikilizaji, puto, lile la sikukuu za watoto. Fikirini kidogo muone busara yake. Chupa tupu ikishushwa majini ina hewa, na hewa inataka kupanda juu na kuharibu usawa wa mtambo. Puto tupu halina hewa ndani, ni ngozi tu. Linashuka kimya, na linapanuka kadiri linavyojazwa. Kazi ngumu ikatimizwa kwa kitu ambacho mtoto angekichezea na kukitupa.

Kabla ya kusafiri walifanya mazoezi katika bwawa la kufundishia wapiga mbizi, wakizoea kuongoza bila ya kuuona mtambo wenyewe. Hata hivyo, walipofika Santa Barbara na kuujaribu mtambo, maafa yakatokea. Kisanduku kilivuja. Matone ya maji yaliingia mahali palipokuwa na betri na nyaya, na baadhi ya viungo vya nyaya vikaachia. Mashindano yalikuwa yamekaribia, na walikuwa mbali na kwao, katika vyumba vya kulala vya chuo.

Askari yeyote anaujua usiku wa namna hiyo. Gari limekufa mbele ya daraja, au redio imekufa na kikosi kinangoja taarifa. Hapo ndipo inapojulikana ni nani anayekijua chombo chake na ni nani aliyekuwa akibonyeza vitufe tu. Vijana hao hawakuwa na fundi wa kumpigia simu. Mafundi walikuwa ni wao wenyewe. Walikesha wakilehemu upya nyaya nyembamba, mmoja baada ya mwingine. Na juu ya mvujo, walifikiri hivi: ikiwa hatuna wakati wa kuzuia kila tone lisiingie, basi lile linaloingia linywewe kabla halijafika kwenye umeme. Ni kitu gani kinachonywa maji mengi na kuchukua nafasi ndogo? Jibu lilikuwa ni pamba zile zilizobanwa ambazo akina mama hutumia katika siku zao za mwezi. Lorenzo Santillan ndiye aliyetumwa dukani kuzinunua, kwa haya nyingi kama mnavyoweza kufikiri, na ikambidi amwombe mwanamke mmoja mle dukani amsaidie kuchagua. Pamba zikatiwa ndani ya kisanduku. Zikafanya kazi.

Mashindano yenyewe hayakuwa ya majini peke yake. Kila timu ilikaa mbele ya wataalamu na kuhojiwa juu ya mtambo wake. Wataalamu hao walitoka katika taasisi kubwa, likiwemo Jeshi la Majini na NASA. Waliuliza juu ya leza, na wakajibiwa kwa hesabu ya nuru na maji. Waliuliza juu ya amri zinazopita katika waya, na wakaelezwa namna mota inavyoongezwa na kupunguzwa mwendo kwa mapigo mafupi ya umeme. Mmoja wao akauliza kwa nini hawakuleta picha za kuonyesha ukutani kwa kompyuta kama timu nyingine. Cristian Arcega akajibu kwamba picha hizo huwavuruga wasikilizaji, na kwamba watu huzikimbilia wanapokuwa hawajui la kusema. Akaulizwa: na nyinyi mnajua la kusema? Akaitikia kwamba wanajua.

Kisha wakaingia bwawani. Mtambo ukazama, ukageuka, ukapima, ukarudi juu na umajimaji katika puto. Haukutimiza kila kazi, wala hapakuwa na timu iliyotegemewa kutimiza zote. Lakini zilipojumlishwa alama za majini, za mahojiano na za taarifa iliyoandikwa, matokeo yaliwastaajabisha wote. Vijana wa Carl Hayden walipewa tuzo ya ubora wa ubunifu. Wakapewa na tuzo ya uandishi wa kitaalamu, wao ambao lugha ya nyumbani kwao ni Kihispania. Mwishowe likatangazwa jina la mshindi wa jumla, nalo lilikuwa ni lao. MIT walishika nafasi ya pili.

Ndugu wasikilizaji, kama kisa kingeishia hapo, tungepiga makofi na kwenda kulala. Lakini hakikuishia hapo, na sehemu iliyobaki ndiyo inayowahusu zaidi wavaao sare.

Katika shule ya Carl Hayden kulikuwa na mafunzo ya kijeshi kwa wanafunzi. Oscar Vazquez aliyapenda kupita yote. Alijifunza gwaride, nidhamu na uongozi, akawa mmoja wa walio mbele katika kikosi cha shule, na nia yake ilikuwa kuingia jeshini amalizapo masomo. Alipotaka kujiandikisha ndipo alipofahamishwa kwamba haiwezekani, kwani hakuwa na karatasi. Alikuwa ameletwa akiwa na umri wa miaka 12, na uamuzi wa kuvuka mpaka haukuwa wake. Nidhamu, akili na moyo vilikuwepo, lakini kibali hakikuwepo. Ni baada ya kufungiwa mlango huo ndipo alipojiunga na kikundi cha roboti na kuwa kiongozi wa wenzake.

Ushindi wa mwaka 2004 haukubadilisha hali hiyo mara moja. Habari zao ziliandikwa katika jarida mwaka 2005, na wasomaji wakachangia fedha za masomo. Lakini mwaka 2006 wapiga kura wa Arizona walipitisha sheria iliyowanyima wanafunzi wasio na vibali karo nafuu inayotozwa wenyeji katika vyuo vya umma. Cristian Arcega, yule aliyejibu kwamba wanajua la kusema, alilazimika kuacha chuo. Lorenzo Santillan na Luis Aranda waligeukia kazi ya mapishi. Waliowashinda wahandisi wa MIT walikuwa sasa wakihesabu senti za karo na za chakula. Wakati huo huo nchi yao ya malezi ilikuwa na vita viwili, na ilikuwa na haja ya watu wenye ujuzi.

Oscar alivumilia. Mwaka 2009 alihitimu uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, katika sherehe ambayo Rais Barack Obama alitoa hotuba. Kisha akafanya jambo ambalo wengi waliliona kuwa ni wazimu. Aliondoka Marekani kwa hiari yake, akarudi Mexico ili aombe kuingia kwa njia ya halali. Alikuwa na mke raia wa Marekani na mtoto mchanga. Sheria ilisema kwamba mtu aliyekaa bila ya kibali kwa muda kama wake, akishatoka, hazuiwi chini ya miaka 10. Akakaa Mexico akifanya kazi za mshahara mdogo, akingoja. Seneta Richard Durbin aliichukua habari yake na kuisema katika Seneti. Mwezi wa Agosti mwaka 2010 msamaha ambao sheria yenyewe iliruhusu ulitolewa, naye akarudi. Na jambo aliloharakisha kulifanya lilikuwa ni lipi? Alijiandikisha jeshini. Alitumwa Afghanistan, akatumikia nchi ambayo ilikuwa imemkataa, na katika muda wa utumishi wake akapata uraia.

Sisi hatusemi kwamba sheria za uhamiaji hazina maana. Kila nchi ina mpaka wake, na wengi wenu mnaotusikiliza saa hii mnakesha kwenye mipaka hiyo, mvua ikinyesha, ili raia walale. Afisa aliyekataa kumwandikisha Oscar alitimiza kazi yake. Wala Oscar mwenyewe hakuivunja sheria ili apite. Aliinama chini yake, akalipa gharama yake, akapita mlangoni. Lakini kila mwenye kukagua karatasi kizuizini na akumbuke kwamba karatasi hueleza mtu anatoka wapi, na haielezi anaweza kufanya nini. Katika kila taifa wamo vijana ambao thamani yao haijaandikwa popote, nao husimama mbele ya meza zetu wakiwa na viatu vilivyochakaa. Tukiwatazama kwa dharau, hasara haitakuwa yao peke yao.

Na juu ya mtambo, tuchukue mambo matatu ya kurudi nayo kambini. La kwanza, chombo rahisi kinachofahamika barabara na mwenye nacho hushinda chombo cha thamani kisichofahamika. Dola 800 zilizishinda dola 10,000 kwa kuwa hakuna kipande katika mtambo ule ambacho vijana wale hawakuweza kueleza kazi yake na sababu ya kuwekwa pale. Kila askari na ajiulize leo: je, redio yangu nikiulizwa inafanyaje kazi, nitajibu, au nitatafuta picha ya ukutani?

La pili, chombo hujaribiwa kabla ya siku ya kazi. Laiti kisanduku kile kingevuja mara ya kwanza mbele ya waamuzi, pasingekuwa na usiku wa kutengeneza. Kilivuja katika jaribio, na kwa sababu hiyo kiliponywa. Uvujaji unaogunduliwa zoezini ni bahati njema, ijapokuwa unauma.

La tatu, hakuna kitu cha kudharau ikiwa kinafaa kwa kazi. Bomba la fundi, mota ya mvuvi, puto la mtoto na pamba ya akina mama vilikutana katika mtambo mmoja vikaleta ushindi. Aliyeona haya kuingia dukani usiku ule ndiye aliyeuokoa umeme.

Kuhusu vijana hao kiliandikwa kitabu mwaka 2014, na mwaka 2015 ikatolewa filamu, navyo vyote vikaitwa Spare Parts, yaani vipuri. Jina hilo lina maana mbili. Mtambo ulikuwa wa vipuri, na vijana nao walikuwa wamewekwa kando kama vipuri ambavyo hakuna aliyefikiri kuvifunga kwenye gari. Fundi mwenye akili hakitupi kipuri kabla ya kukijaribu.